Je, wajua kwa nini Nairobi ina udongo mwekundu upande mmoja na mweusi upande wa pili?

Panda matatu Kikuyu siku ya mvua, ubadilishe gari mjini, ushukie Kitengela. Safari haifiki kilomita 60. Ulikopandia, tope lililokuchafua viatu ni jekundu, na likikauka unalipangusa likatoka. Ukishuka, unakanyaga tope jeusi linalonata kama gundi. Hatua kumi tu, kila kiatu kimebeba mzigo. Mafundi wa ujenzi huliita black cotton, jina lililotoka India ambako pamba hulimwa kwenye udongo wa aina hii. Watanzania husema udongo wa mbuga.

Cha ajabu ni kwamba udongo huo wote, mwekundu na mweusi, asili yake ni volkano. Nairobi imekaa juu ya lava iliyomwagika mamilioni ya miaka iliyopita, wakati Bonde la Ufa likifunguka. Upande wa Kikuyu, Kabete na Limuru mwamba wake huitwa trakaiti, na kwenye tambarare za Athi, iliko Kitengela, ni fonolaiti, jina la Kigiriki lenye maana ya jiwe la sauti, kwa kuwa bamba lake jembamba ukiligonga kwa nyundo hulia kama kengele. Ni miamba ya ukoo mmoja, na yote miwili imejaa madini yaitwayo feldispari.

Feldispari ndiyo mama wa udongo wa mfinyanzi. Ichukulie kama nyumba ambayo fremu yake ni silika (ile inayounda mchanga mweupe) na alumini, na wapangaji wake ni potasiamu, sodiamu na kalsiamu. Mvua inaponyesha, maji hupita ardhini yakiokota kaboni dayoksaidi, nyingi ikiwa ni ile inayopumuliwa na mizizi na vijidudu, nayo yakageuka kuwa asidi hafifu. Asidi hiyo huingiza haidrojeni ndani ya nyumba na kuwafukuza wapangaji mmoja mmoja. Fremu hulegea, ikaanguka. Silika na alumini iliyobaki hujipanga upya, safari hii kwa matabaka membamba mno, katika chembe zisizozidi milimita 0.002. Huo sasa ndio mfinyanzi.

Jivu la volkano huoza haraka kuliko lava ngumu. Lilipoa ghafla hewani, halikupata muda wa kutengeneza fuwele, kwa hiyo sehemu yake kubwa ni kioo. Maji hayapati shida kukibomoa. Kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro jivu hilo limetoa alofeni, mfinyanzi ambao bado haujapata mpangilio kamili, mwepesi na wenye kushika maji kama sponji.

Sasa turudi kwenye viatu. Kabete na Limuru kuna miteremko na mvua ya kutosha, hivyo maji hupita na kwenda zake. Yanapokwenda huondoka na potasiamu, kalsiamu, magnesi na hata sehemu kubwa ya silika. Kilichobaki kinatosha kujenga kaolinaiti tu: tabaka moja la silika juu ya moja la alumini, kisha jozi nyingine, zikishikana kwa nguvu kiasi kwamba maji hayapenyi katikati. Chuma nacho hubaki nyuma, kikashika kutu. Wekundu wote ule ni kutu.

Tambarare za Athi ni kinyume chake. Mvua ni haba, jua ni kali, na maji hayana pa kukimbilia. Silika na magnesi hazifukuzwi. Nyingine hata huletwa na maji yanayoshuka kutoka sehemu za juu. Hapo hujengeka smektaiti: tabaka la alumini na magnesi katikati, silika juu na chini, kama nyama iliyobanwa kati ya chapati mbili. Chapati hizi hazikushikana na jozi inayofuata. Maji hujipenyeza kati yake, na udongo ukavimba. Gramu moja ya smektaiti ikifunuliwa matabaka yake yote hufikia eneo la mita za mraba 800 hivi. Kaolinaiti mara nyingi haizidi 20. Kalsiamu iliyokosa njia ya kutoka utaiona kwa macho: chimba shimo kwenye udongo mweusi, utakuta vijiwe vyeupe vya chokaa.

Hii ndiyo sababu ya nyufa za kiangazi zinazomeza mkono mzima, na ya milango inayokataa kufunga mvua za Aprili zikianza. Fundi anayeijua kazi yake huuchimba udongo mweusi wote mpaka mwambani, akajaza moramu. Anayetaka kuokoa pesa hapo atazitumia baadaye kuziba kuta.

Mpangilio huo wa mwekundu juu na mweusi bondeni umejaa Afrika Mashariki, hata pasipo na volkano. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Usambara, aliupa jina mwaka 1935: catena, yaani mnyororo.

Mfinyanzi hautengenezwi na mvua peke yake. Olkaria, karibu na Naivasha, ambako umeme wa mvuke ulianza kuzalishwa mwaka 1981, maji ya moto hupanda kwenye nyufa za miamba na kufanya kwa kasi kubwa kazi ambayo mvua huifanya polepole. Huko joto ndilo linaloamua. Chini ya nyuzi 200 hivi hupatikana smektaiti. Ikipita 220, illaiti, mfinyanzi usiovimba, huchukua nafasi yake, pamoja na kloraiti ya kijani. Kwa hiyo mwanajiolojia huokota vipande vinavyoletwa juu na mashine ya kuchimba kisima, akavisoma kama kipimajoto. Huchuja mfinyanzi, akaukausha juu ya kigae cha kioo, akaupiga eksirei. Kisha huuweka kwenye mvuke wa glaikoli, ile ile inayotiwa kwenye rejeta ya gari, akaupiga tena. Matabaka yakiwa yamepanuka kutoka nanomita 1.4 hivi hadi 1.7, hiyo ni smektaiti, na kisima bado hakijafika penye moto. Anachokitafuta ni uvimbe ule ule unaopasua kuta za Kitengela.