Kwa nini mkojo wa mbwa huunguza nyasi katikati na kuzistawisha pembeni?

Chunguza doa ambalo mbwa ameliacha kwenye nyasi za ua. Katikati nyasi zimekufa na kugeuka kahawia. Kuzunguka hapo pana pete ya kijani kilichokolea, na nyasi zake zimerefuka kuliko za uwanja mzima. Mkojo ni ule ule, wa mbwa yule yule, lakini umeua na kunenepesha kwa wakati mmoja.

Maelezo yanayosikika mara nyingi ni kwamba mkojo wa mbwa una tindikali kali. Anayeamini hivyo hutafuta dawa upande wa pili: hunyunyiza majivu ya jikoni au chokaa, wengine hata magadi. Fikra hiyo ina mantiki yake, ila inakwama palepale kwenye pete ya kijani, maana tindikali ya kuunguza haina sababu ya kurutubisha. Inakwama pia kwenye vipimo. Katika kipimo cha pH, 7 ni maji yasiyoegemea upande wowote, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi. Mkojo wa mbwa mwenye afya kwa kawaida huwa kati ya 6 na 7 hivi. Maji safi ya mvua huwa karibu na 5.6, kwa sababu hubeba kaboni dioksidi ya hewani. Kwa hesabu hiyo mvua ya masika ina tindikali kuliko mbwa, na hakuna anayeitupia majivu.

Mwaka 1981 daktari wa mifugo wa Marekani, A. W. Allard, alichapisha matokeo ya kumwagia mkojo wa mbwa aina nne za nyasi. Kubadilisha tindikali ya mkojo hakukusaidia kitu. Kilicholeta tofauti ni wingi wa mkojo na ukolezi wake. Jaribio hilo ni la zamani, na nyasi zake nyingi ni za nchi za baridi, kwa hiyo si vyema kulibebesha zaidi ya linavyoweza kubeba. Lakini kuhusu tindikali jibu lake linakubaliana na kemia ya udongo.

Jike naye husingiziwa. Husemwa kwamba mkojo wake ni mkali kuliko wa dume, wakati tofauti kubwa ni mkao tu. Jike huchuchumaa na kumaliza kibofu chote mahali pamoja. Dume mzima huinua mguu na kugawa matone: kidogo kwenye nguzo, kidogo kwenye michongoma, kidogo kwenye gurudumu la gari la mgeni. Dume mchanga ambaye bado anachuchumaa huacha doa la kike kabisa.

Mhusika mkuu ni naitrojeni, pamoja na chumvichumvi nyingine za mkojo. Mbwa hula nyama na dagaa. Protini ikishavunjwa, ini hugeuza naitrojeni ya ziada kuwa urea na figo huitoa nje. Hiyo ndiyo urea ya kwenye mfuko wa mbolea ya kukuzia mahindi, yenye asilimia 46 ya naitrojeni, molekuli ile ile bila tofauti. Mkemia Mjerumani Friedrich Wöhler alipoitengeneza maabara mwaka 1828, alimwandikia mwalimu wake Berzelius kwamba sasa anaweza kupata urea bila kuhitaji figo, iwe ya mtu au ya mbwa. Mbwa yumo katika habari hii tangu mwanzo.

Sasa, mbolea inauaje? Katakata kitunguu cha kachumbari, kinyunyizie chumvi, ukiache. Ukirudi utakuta maji bakulini ambayo hukuyatia. Nje ya kitunguu chumvi imekuwa nyingi kuliko ndani, maji yamevuka utando kuifuata, na kitunguu kimelegea. Mzizi wa nyasi una utando wa namna hiyo hiyo. Siku za kawaida maji ya udongoni yana chumvichumvi chache kuliko mzizi, kwa hiyo maji huingia. Kibofu kizima kikimwagwa hapo, mwelekeo hugeuka: mzizi uliozoea kunywa huanza kunywewa, na nyasi hukauka huku udongo umelowa.

Haliishii hapo. Vimeng'enya vya bakteria wa udongoni huivunja urea kuwa amonia, ambayo ikizidi ni sumu kwa mizizi. Hatua hiyo huufanya udongo wa doa uwe wa alkali kwa muda, kinyume kabisa na ile hadithi ya tindikali. Anayemwaga majivu wakati huo anasukuma gari lililokwisha kushika mteremko. Magadi ni mabaya zaidi, kwa kuwa yenyewe ni chumvi ya sodiamu. Pembeni mwa doa mkojo ulifika kidogo, na kiasi hicho ndicho mbolea.

Kinachofaa, basi, ni kuzimua. Mwaga maji mengi, mara kadhaa ya kiasi cha mkojo, mapema iwezekanavyo. Hata baada ya saa kadhaa bado yanasaidia, ila faida hupungua. Ndiyo maana madoa hujaa kiangazi, wakati hakuna mvua ya kuzimua. Mbwa wa ulinzi anayefungiwa bandani mchana kutwa ana tabia inayotabirika: akifunguliwa jioni, kibofu kimejaa mkojo uliokolea, naye huumwaga kwenye nyasi za kwanza atakazozikuta. Kipande cha changarawe mbele ya banda huokoa nyasi nyingi kuliko dawa yoyote.

Katika jaribio la Allard, ukoka, yaani Cynodon dactylon, ulikuwa miongoni mwa nyasi zilizoungua kirahisi. Hata hivyo ukoka hutambaa, na ukiloweshwa vizuri hulifunika pengo wenyewe bila kupandwa upya.

Wapo wanaomchanganyia mbwa nyanya za kopo katika chakula. Ikisaidia, inayosaidia ni chumvi iliyomo, maana humfanya anywe maji zaidi. Kwa mbwa mwenye ugonjwa wa figo au moyo ni hatari. Bakuli la maji lisilokauka hufanya kazi hiyo bila madhara. Kumpunguzia protini kwa ajili ya bustani ni jambo la kumuuliza kwanza daktari wa mifugo.

Kabla ya yote, shika nyasi zilizokufa uzivute. Zikishikilia udongo, na pete ya kijani ipo, ni mkojo. Zikinyanyuka bila mizizi, chimbua kidogo: huenda ni mabuu ya mbawakawa yaliyoitafuna, na hapo maji hayatasaidia kitu wala mbwa hana kesi.