Setilaiti Huhesabiwa Imerushwa Saa Ngapi?

Kabla sijaingia kwenye bima za setilaiti, nilikuwa nikishughulikia bima za maua yanayosafirishwa kutoka hapa Arusha kwenda Ulaya. Siku moja maboksi ya mawaridi yalikaa juani uwanjani tangu saa nne hadi saa nane mchana, na nilipofungua boksi la juu nilikuta kingo za petali zimeshageuka rangi ya kahawia. Mkulima alisema mzigo ulikuwa mikononi mwa msafirishaji, msafirishaji akasema alikuwa hajaupokea, nasi tukabaki kutafuta saini na saa iliyoandikwa pembeni yake. Mpaka leo, nikifungua mkataba wa kurusha setilaiti, ninaanza na swali hilohilo: mzigo ulikuwa mikononi mwa nani, na tangu saa ngapi?

Wengi hudhani kwamba kampuni ya roketi huuza uhakika wa kufika angani. Kinachouzwa hasa ni huduma ya kurusha. Roketi ikilipuka njiani, kwa kawaida kampuni hiyo hailipi thamani ya setilaiti, kwa sababu pande zote huwa zimekubaliana mapema kwamba kila mmoja atabeba hasara yake na hakuna atakayemshtaki mwenzake. Mwenye setilaiti ndiye anayekwenda kutafuta bima, na huko roketi mpya isiyo na rekodi humgharimu zaidi kuliko ile iliyokwisha kuruka mara nyingi salama.

Bima hiyo ya kurusha, katika mikataba mingi, huanza pale injini zinapowashwa kwa makusudi ili roketi iondoke. Maneno "kwa makusudi" yana uzito mkubwa. Katika roketi ya Ariane 5, kwa mfano, injini kuu iliwashwa na kompyuta zikaikagua kwa takriban sekunde saba, ndipo zikawashwa roketi za pembeni za fueli ngumu, ambazo zikishawaka hazizimiki. Je, injini ikizimwa ndani ya sekunde hizo saba, setilaiti imerushwa au haijarushwa? Mkataba uliotungwa vizuri hujibu swali hilo kwa kifungu cha uwashaji uliositishwa, kinachorudisha mambo pale yalipokuwa kabla ya injini kuwaka.

Tarehe 1 Septemba 2016, huko Cape Canaveral, Marekani, roketi ya Falcon 9 ililipuka ikijazwa fueli kwa ajili ya jaribio la injini, siku mbili kabla ya safari, huku setilaiti ya AMOS-6 ya kampuni ya Spacecom ya Israeli ikiwa juu yake. Kwa kuwa hakuna injini iliyokuwa imewashwa ili kuondoka, bima ya kurusha ilikuwa haijaanza. Hasara ya setilaiti iliangukia bima ya mizigo, ya ukoo uleule wa bima za mawaridi yangu. Nauli iliyokwisha kulipwa haikupotea, kwani Spacecom iliitumia kurusha AMOS-17 mwezi Agosti 2019, setilaiti ambayo leo inahudumia Afrika.

Jambo hili linatuhusu sana sasa ambapo setilaiti ndogo hupanda roketi moja kwa makumi, kama Taifa-1 ya Kenya ilivyofanya tarehe 15 Aprili 2023 kutoka Vandenberg, Marekani. Vijana wa uhandisi wa hapa mjini huniuliza bei ya nafasi kwenye roketi, na ninafurahi kwamba wanauliza. Lakini setilaiti itakayotoka Arusha itapanda gari, kisha ndege, kisha italala kwenye ghala la watu wengine kwa majuma kadhaa, pengine kwa miezi roketi ikiahirishwa, na bima ya mizigo iliyokatwa kwa haraka inaweza kuisha mlangoni mwa ghala hilo. Kwa hiyo mtu akiniletea rasimu ya mkataba, bei huisubirisha. Ninafungua kwanza ukurasa wa tafsiri za maneno, nione neno "kurusha" limeelezwaje, kisha naichukua bima yake ya mizigo na kuangalia inaishia wapi.