Hakuna skolashipu ya futiboli katika Divisheni III

"Mwalimu, kijana amepata skolashipu ya futiboli." Maneno haya, kuhusu futiboli ya Kimarekani, nayasikia kila mwaka kwa wazazi wetu wa hapa Minnesota, na chuo kinachotajwa mara nyingi kimo kwenye MIAC, ligi ya vyuo vya Minnesota. Basi niseme wazi: MIAC ni ligi ya Divisheni III, daraja la tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, na Divisheni III hairuhusu chuo kumlipia mwanafunzi hata dola moja kwa ajili ya michezo. Si futiboli, si mbio, si kikapu. Kocha hana fungu hilo, hata ampende mwanao namna gani.

Kinachopotosha ni ile picha ya kijana akisaini karatasi, kofia ya chuo kichwani. Fomu hiyo ni ya sherehe tu. Haimfungi kijana, haikifungi chuo, wala haina fedha. Nimeona familia zikikataa ofa nzuri ya chuo cha serikali kwa sababu yake, kisha bili ya muhula wa kwanza inafika na mama anaanza kutafuta zamu za usiku. Linaniuma, kwa kuwa kusoma barua moja kwa makini kungeliepusha.

Barua yenyewe ni ile ya msaada wa kifedha. Fedha zake hutegemea hali ya kifedha ya familia, inayoonyeshwa kwenye FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, au alama za darasani, na NCAA hukagua kila mwaka kama wanamichezo wanapendelewa kuliko wanafunzi wengine. Chukua kalamu, pitia kila mstari: hii ni ruzuku, huu ni mkopo wenye riba, huu ni mshahara wa kazi ya chuoni ambayo kijana bado hajaifanya. Jumlisha ruzuku peke yake, itoe kwenye gharama yote ya mwaka, malazi na chakula vikiwemo. Kinachobaki ni chako kulipa. Kisha uliza ni wastani gani wa alama utakaomwezesha kubaki na ruzuku hiyo miaka yote minne. Wazazi hawaulizi, wanaogopa kumuudhi kocha. Kocha hahusiki!

Tena kanuni hii ina heri yake. Kijana akivunjika goti Oktoba, au akichoka na kuacha timu, ruzuku haiguswi. Mwenye skolashipu ya michezo akiacha timu kwa hiari yake anaweza kuipoteza.

"Kocha amemwita, kwa hiyo atacheza." La. Baadhi ya timu hizi zina wachezaji zaidi ya 100, na wanaoingia uwanjani ni 11. Kwa chuo kidogo, futiboli ni njia ya kupata wanafunzi walipa karo. Muulize kocha ana wangapi wa nafasi ileile.

"Huko hakuna njia ya NFL." Yaani ligi ya kulipwa. Ipo, ni nyembamba mno. Ben Bartch wa Saint John's, chuo cha MIAC, alichaguliwa na Jacksonville, timu ya NFL, raundi ya nne ya uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2020. Ali Marpet wa chuo cha Hobart alichaguliwa wa 61 mwaka 2015, na hakuna mchezaji wa Divisheni III aliyewahi kuchaguliwa mapema kuliko yeye. Usipange maisha ya mtoto juu ya majina mawili.

"Ni mpira wa mtaani." Mwaka 2017 watu 37,355 walijaa uwanja wa Target Field, Minneapolis, kutazama Saint John's na St. Thomas, chuo kingine cha MIAC wakati huo. Msimu huohuo St. Thomas iliichapa St. Olaf, chuo cha ligi hiyohiyo, 97 kwa 0. Pengo la nguvu lilikuwa kubwa hivi kwamba mwaka 2019 ligi iliamua kuitoa St. Thomas, nayo ikahamia Divisheni I, daraja la juu kabisa, mwaka 2021.

"Msimu ni mfupi, hauingilii kitu." Mechi za kawaida ni 10, Septemba hadi katikati ya Novemba, na bingwa wa MIAC huingia moja kwa moja kwenye mchujo wa kitaifa wa timu 40. Mazoezi huanza Agosti, kabla ya madarasa, hivyo kibarua cha kiangazi hukatika mapema. Mshahara huo utakaopotea nao uingize kwenye hesabu yako.