Je, wajua kwa nini mbwa hupewa dawa ya minyoo kabla ya kupanda feri ya kwenda Uingereza?

Foleni ya magari kwenye bandari ya Calais, Ufaransa, husogea kidogo kidogo hadi kwenye kibanda cha ukaguzi. Kama una mbwa garini, mhudumu hukupa kupitia dirishani kifaa cha mkononi cha kusoma chipu, kidude chenye namba ya utambulisho kilicho chini ya ngozi ya mbwa, nawe unageukia kiti cha nyuma na kukipitisha taratibu katikati ya mabega ya mbwa wako. Mara nyingine chipu huwa imesogea chini ya ngozi, basi unatafuta: shingoni, begani, juu kidogo ya mguu wa mbele. Mwishowe kifaa kinalia na tarakimu 15 zinatokea. Mhudumu anazilinganisha na zilizo kwenye hati za mbwa na kuangalia tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kisha anatafuta mstari mmoja ambao wasafiri wengi huusahau. Hapo daktari wa mifugo anatakiwa awe ameandika jina la dawa ya minyoo, tarehe na saa aliyoitoa, pamoja na muhuri na sahihi yake.

Saa hiyo ndiyo yenye uzito. Dawa lazima iwe imetolewa si chini ya saa 24 na si zaidi ya saa 120 kabla ya mbwa kuingia Uingereza. Ukichelewa au ukiwahi mno, mbwa hapandi feri. Lakini mbwa huyohuyo alipovuka kutoka Dover, bandari ya Uingereza, kwenda Calais, hakuna aliyeuliza habari za minyoo. Na paka aliye kwenye gari la nyuma yako haulizwi kabisa. Kwa nini?

Sababu ni tegu mmoja mdogo sana, ambaye wanasayansi humwita Echinococcus multilocularis. Ukisikia tegu huenda unawaza mnyoo mrefu kama utepe. Huyu ana urefu wa milimita 2 hadi 4 tu. Makazi yake ni utumbo wa mbweha, na mbwa pia humfaa vizuri, ilhali ndani ya paka hakomai vyema. Mbwa anaweza kubeba maelfu ya minyoo hao bila kukohoa, bila kuharisha, bila kupungua hata kidogo. Mayai hutoka na kinyesi, hushika kwenye majani na udongo, na huvumilia baridi kwa miezi mingi. Panya wa mashambani huyala pamoja na majani, mabuu yanakua kwenye ini lake, panya anadhoofika na kukamatwa kwa urahisi, na mbweha au mbwa anayemla anaanzisha mzunguko upya.

Binadamu hana nafasi katika mzunguko huo, ila huingia kwa bahati mbaya. Yai moja kutoka kwenye manyoya ya mbwa, au kwenye tunda la porini lisilooshwa, likimezwa, mabuu huenda kwenye ini na kukua polepole yakisambaa kama saratani. Dalili huweza kuchukua miaka 5 hadi 15 kujitokeza. Wakati huo huenda upasuaji mkubwa ukahitajika, au dawa za kumeza kwa miaka mingi, wakati mwingine maisha yote. Ugonjwa huu usipotibiwa, mara nyingi huua. Ni nadra, lakini mimi sioni sababu ya kuupuuza ugonjwa unaojificha kwa muda huo wote.

Tegu huyu ameenea katika Ufaransa ya mashariki, Ujerumani, Uswisi, Austria, Poland na kwingineko katika bara la Ulaya. Uingereza haijamruhusu kuweka makao, na ina kila sababu ya kuogopa: mbweha wamejaa hadi katikati ya miji yake, na panya wa mashambani wako kila mahali. Mzunguko ukianza humo, kuukata ni kazi isiyo na mwisho. Ndiyo maana mbwa anayetoka moja kwa moja Finland, Ireland, Malta au Norway hahitaji dawa hiyo, kwa kuwa huko nako tegu huyu hayupo. Sweden iliwahi kuwa na hadhi hiyo, hadi mwaka 2011 alipogunduliwa ndani ya mbweha. Tangu hapo sharti la kuwapa dawa mbwa wanaoingia Sweden likakosa maana. Ufaransa haiulizi kwa sababu hiyohiyo: mnyoo tayari ni mwenyeji.

Turudi kwenye saa. Dawa inayotumika ni prazikwanteli, ileile inayotumika kutibu kichocho kwa binadamu. Inaua minyoo walio tumboni, lakini haiui mayai. Minyoo wanaokufa wanaweza kutoka wakiwa bado wamebeba mayai yaliyo hai. Kwa hiyo saa 24 za mwanzo zinampa mbwa muda wa kuyatoa na kinyesi chake upande wa bara, kabla ya kukanyaga kisiwa.

Na kwa nini si zaidi ya saa 120? Kwa sababu prazikwanteli haikai mwilini. Siku mbili tatu baada ya kidonge, mbwa hana kinga yoyote. Akimtafuna panya mmoja shambani, ameambukizwa tena. Kila siku inayoongezwa kati ya kidonge na feri ni siku nyingine ya kukutana na panya. Kabla ya mwaka 2012 Uingereza iliruhusu saa 24 hadi 48 tu, na wasafiri walikuwa wakihangaika kumtafuta daktari siku moja kabla ya safari. Muda ulipoongezwa hadi siku tano, hatari iliongezeka kidogo na usumbufu ukapungua sana.

Tuseme feri yako inatia nanga Dover Jumapili saa nne asubuhi. Hesabu kurudi nyuma: dawa inaweza kutolewa kuanzia Jumanne saa nne asubuhi, na mwisho ni Jumamosi saa nne asubuhi. Alhamisi ndiyo siku ya kuchagua, maana hata feri ikiahirishwa siku moja kwa dhoruba, bado uko ndani ya muda. Kama unatoka Uingereza kwa siku chache tu, daktari wa huko anaweza kumpa mbwa dawa kabla hamjaondoka, mradi mrudi baada ya saa 24 na kabla ya saa 120 kwisha.

Ukaguzi unafanyika Calais wala si Dover kwa sababu mbwa akishavuka bahari, ameshavuka. Mwenye kasoro anaweza kukataliwa, au kuwekwa karantini hadi miezi minne kwa gharama ya mwenyewe. Zamani ilikuwa kali zaidi. Kichaa cha mbwa kilitokomezwa Uingereza mwaka 1902, kikarudi mwaka 1918 na kumalizwa tena mwaka 1922, na kwa karibu karne nzima kila mbwa aliyetoka nchi za nje alifungiwa miezi sita. Utaratibu wa chipu, chanjo na hati ulianza mwezi Februari 2000. Chipu hutangulia chanjo, ili chanjo iwe na mwenyewe anayejulikana. Na baada ya chanjo ya kwanza mbwa husubiri siku 21, muda ambao mwili unahitaji kutengeneza kinga.

Ndani ya feri za Dover na Calais, safari ni kama dakika 90. Mbwa wengi hubaki garini, kwenye sitaha ambayo hufungwa na abiria hawaruhusiwi kushuka hadi feri ifike. Muachie maji, mfungulie kioo kidogo, na uzime kengele ya gari, kwani itamsikia mbwa akijigeuza na kulia njia nzima.

Bado kuna jambo ambalo hakuna kibanda kitakachokuuliza. Mbwa aliyemla panya baada ya kidonge anavuka akiwa na minyoo wachanga, na huwachukua kama wiki nne kuanza kutoa mayai. Kwa hiyo madaktari wa mifugo wa Uingereza hushauri kidonge kingine ndani ya mwezi mmoja baada ya kufika nyumbani. Hicho hakigongewi muhuri. Kiandike kwenye kalenda siku ileile unayolipia tiketi ya feri.