Kofia za bluu: kulinda amani si kufukuza mvamizi

Kule Kituku, soko la Goma mashariki mwa Kongo, mama mmoja alikuwa akinipimia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Gari jeupe lenye herufi nyeusi za UN likapita, akalisindikiza kwa macho, kopo likiwa bado mkononi. “Papa, hawa wako na silaha yote hii, lakini adui akikuja wanaangalia tu. Kazi yao ni gani?”

Jibu limo katika neno “kulinda”. Jeshi la kulinda amani, hizo kofia za bluu, ni askari wa nchi mbalimbali wanaotumwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kusimamia amani ambayo waliokuwa wakipigana wamekwisha kuikubali, angalau kwa karatasi. Ndivyo walivyoingia kwetu. Mkataba wa kusitisha vita ulitiwa saini Lusaka Julai 1999, na Novemba MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ikaundwa, majeshi ya Rwanda na Uganda yangali ndani ya Kongo. MONUC haikuja kuyafukuza. Ilikuja kuangalia kama wenyewe wanatimiza waliyoahidi.

Kazi hiyo ina masharti matatu ya tangu zamani: serikali iwakubali, wasiegemee upande, wasipige risasi ila kujitetea au kutetea kazi waliyopewa. Sharti la pili ndilo linalotuumiza. Aliyevamia na aliyevamiwa hawalingani, na kwa mtu aliyefukuzwa shambani kwake, anayesimama katikati ni kama amemshikia mwizi ngazi.

Baadaye waliruhusiwa kutumia nguvu kulinda raia, chini ya Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Lakini kuruhusiwa kupiga si kuamriwa kupiga, na kila kikosi husikiliza pia wakubwa wa nchi yake. Bukavu ilitekwa na waasi Juni 2004 kofia za bluu zikiwa mjini. Goma nayo ikatekwa na waasi wa M23, tarehe 20 Novemba 2012.

Aibu hiyo ya Goma ndiyo iliyozaa kitu tofauti. Machi 2013, azimio 2098 la Baraza la Usalama liliunda brigedi ya askari wapatao 3,000 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kazi yake ikaandikwa wazi: kushambulia makundi yenye silaha na kuyavunja nguvu. Hii huitwa kulazimisha amani. Watanzania tulisemezana nao Kiswahili bila mkalimani. Mapema Novemba mwaka huo M23 walikuwa wamefukuzwa kwenye vilima vya Chanzu na Runyonyi. Waliotangulia mbele walikuwa vijana wetu wa FARDC, jeshi la Kongo; naumia nikisikia ushindi ule ukisimuliwa bila wao.

Aina ya tatu ni askari walioalikwa na serikali yenyewe, bila kofia ya bluu. SAMIDRC, kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, iliyokuja Desemba 2023, ilikuwa ya namna hiyo, na ilikuja kupigana. Hata hivyo, mwisho wa Januari 2025 M23 waliingia Goma tena, wakisaidiwa na jeshi la Rwanda. Machi, SADC ikaamua kuwaondoa askari wake, ambao walikuwa wamefungiwa kambini tangu mji uanguke. Walianza kutoka mwishoni mwa Aprili, kwa barabara, wakipitia Rwanda.