Ushindani wa madola makubwa: maana yake, na namna unavyomfika jirani

Ushindani wa madola makubwa ni hali ya nchi mbili au zaidi, zenye jeshi kubwa na fedha nyingi, kuwania nani atakuwa na kauli katika eneo fulani la dunia. Mara nyingi nchi hizo hazipigani ana kwa ana kwa sababu zinaogopana. Hupimana nguvu kwenye ardhi ya watu wengine: kwa kuunga mkono kundi moja dhidi ya jingine, kwa kukopesha, kwa kujenga bandari, na mambo yakizidi, kwa kuingiza jeshi. Huko kuingiza jeshi ndiko kunakoitwa uvamizi.

Katika kila uvamizi yupo wa tatu ambaye habari humpita haraka, naye ni jirani. Hakuvamiwa, lakini ana mpaka, bahari au ukoo mmoja na aliyevamiwa. Ni yeye ninayetaka kumweleza hapa, kwa sababu sisi wa Unguja na Pemba tumewahi kuwa katika nafasi yake, na historia ile huwa tunasomeshwa kama hadithi ya masultani na tarehe tu.

La kwanza kulifahamu ni kwamba dola kubwa haimpimi jirani kwa hali yake mwenyewe. Inajiuliza: mpinzani wangu akimpata huyu, mimi nitakuwa wapi? Thamani ya jirani hupanda na kushuka kwa jibu la swali hilo, hata kama ndani ya nchi yake hakuna kilichobadilika.

Pakistan ya mwaka 1979 inaonesha hili kuliko mfano wowote niujuao. Aprili mwaka ule mtawala wa kijeshi, Jenerali Zia-ul-Haq, alimnyonga Zulfikar Ali Bhutto, waziri mkuu ambaye yeye Zia alimpindua mwaka 1977. Mwezi huohuo Marekani ikaikatia Pakistan misaada kwa sababu ya mpango wake wa nyuklia. Novemba waandamanaji wakauchoma moto ubalozi wa Marekani mjini Islamabad. Zia alikuwa ametengwa. Kisha, siku za mwisho za Disemba, jeshi la Kisovieti likaingia Afghanistan, likamuua Rais Hafizullah Amin na kumweka Babrak Karmal. Pakistan ilibaki na jenerali yuleyule na nyuklia ileile, ila sasa Warusi walikuwa mpakani kwake. Mapema 1980 Rais Jimmy Carter akamwahidi dola milioni 400, na Zia akazikataa akisema hizo ni karanga tu. Alijua bei imepanda. Mwaka 1981 serikali ya Ronald Reagan ikakubali kumpa dola bilioni 3.2 kwa miaka sita.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawaliangalii. Tukisikia vita ya jirani tunafikiria mabomu kuvuka mpaka. Yapo, lakini madhara makubwa huingia kwa mlango wa urafiki. Dola inayopinga uvamizi humjia jirani na mkono uliojaa, na kile kilichomo mkononi humbadilisha kuanzia serikalini hadi mtaani.

Silaha za Mujahidina wa Afghanistan, wapiganaji waliopinga jeshi la Kisovieti, zililipiwa na Marekani na Saudi Arabia, lakini zilipita mikononi mwa shirika la ujasusi la kijeshi la Pakistan, ISI. Shirika hilo ndilo lililochagua kundi lipi lipate nini, na kwa muda mrefu lilimpendelea Gulbuddin Hekmatyar, kiongozi wa moja ya makundi hayo. Miaka kumi ya kazi hiyo ililijenga likawa na nguvu ambazo serikali za kiraia zilizofuata zilipata tabu kuzidhibiti. Kwa hiyo anayesema "Pakistan iliumia" au "Pakistan ilifaidika" bado hajasema kitu. Jeshi lilifaidika. Jenerali aliyekuwa hana rafiki alipata marafiki, na uchaguzi aliouahidi ukasogezwa mbele na kusogezwa tena. Mwananchi wa Peshawar, mji wa Pakistan ulio karibu na mpaka wa Afghanistan, alipata bunduki aina ya Kalashnikov zikiuzwa sokoni na heroini mitaani, vitu ambavyo kizazi cha wazazi wake hakikuvijua kwa wingi ule.

Na alipata wageni. Mpaka wa Pakistan na Afghanistan ulichorwa mwaka 1893 na Mwingereza Mortimer Durand pamoja na Amir Abdur Rahman wa Afghanistan, ukawagawa watu wa kabila la Wapashtuni wakawa huku na huku. Vita ilipoanza, watu walivuka kwenda kwa jamaa zao. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 wakimbizi waliokuwa Pakistan walizidi milioni tatu. Ili upate picha: sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Wazanzibari wote, wa Unguja na Pemba, wakawa milioni 1.89. Watu wa kawaida wa Peshawar na Quetta waliwapokea wale wageni, na heshima ya kazi ile ni yao.

Tarehe 10 Aprili 1988, asubuhi, ghala la silaha la Ojhri lilishika moto na kulipuka. Ghala hilo lilikuwa katikati ya watu, baina ya Rawalpindi na Islamabad, na lilihifadhi silaha zilizokuwa zikisubiri kupelekwa Afghanistan. Maroketi yaliruka na kuanguka ovyo juu ya miji miwili, kwenye nyumba, barabarani na katika masoko. Waliouawa ni karibu watu mia moja au zaidi. Mmoja wao alikuwa Khaqan Abbasi, mwanasiasa aliyekuwa waziri, ambaye kombora liliipiga gari yake njiani; mwanawe alikuja kuwa waziri mkuu mwaka 2017. Warusi hawakurusha hata moja ya roketi zile. Zilikuwa zawadi za rafiki. Waziri Mkuu Muhammad Khan Junejo alitaka ijulikane nani wa kuwajibika, na tarehe 29 Mei Zia akamfukuza kazi. Siku nne tu baada ya mlipuko, mjini Geneva, yalitiwa saini makubaliano ya jeshi la Kisovieti kuondoka.

Askari wa mwisho wa Kisovieti alivuka kurudi kwao tarehe 15 Februari 1989. Oktoba 1990 Marekani ilikata tena misaada kwa Pakistan, kwa sababu ya nyuklia, ileile iliyokuwa ikijulikana muda wote. Swali la "mpinzani wangu akimpata huyu" lilikuwa limekwisha, na bei ikashuka. Silaha, wakimbizi na makundi yenye mafunzo hayakuondoka na pesa. Baada ya 2001, Marekani ilipoivamia Afghanistan, mambo yalijirudia kwa sura nyingine: Jenerali Pervez Musharraf, mtawala wa Pakistan wakati ule, naye akawa rafiki wa lazima, mizigo ya majeshi ya NATO ikapita bandari ya Karachi, ndege zisizo na rubani zikaanza kupiga Waziristan, eneo la Pakistan lililo mpakani, mwaka 2004, na mwaka 2007 likaundwa kundi la Taliban wa Pakistan lenye kupigana na dola ya Pakistan yenyewe. Tarehe 16 Disemba 2014 watu wa kundi hilo waliingia skuli ya jeshi mjini Peshawar wakaua watu zaidi ya 140, wengi wao wanafunzi. Watoto wale wote walizaliwa baada ya Warusi kuondoka.

Sasa tuje kwetu.

Mwaka 1884 Mjerumani Karl Peters alipita bara, huko Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami, akikusanya mikataba kwa machifu, na Februari 1885 Kaiser, mfalme wa Ujerumani, akaipa kampuni yake hati ya ulinzi. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipinga, kwani maeneo yale na njia zake za misafara alizihesabu kuwa zake. Jibu lilikuja Agosti: manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya mji, mizinga ikielekea kasri. Beit al-Ajaib lilikuwa na miaka kama miwili tu tangu lijengwe. Barghash akamgeukia rafiki yake, balozi wa Uingereza John Kirk, aliyekuwa mshauri wake kwa miaka mingi. Lakini Kirk alikuwa na maagizo kutoka London asiwazuie Wajerumani. Uingereza ilikuwa imekalia Misri tangu 1882, ikahitaji uungaji mkono wa Bismarck, kansela wa Ujerumani, katika mambo ya huko, na haikuwa tayari kugombana naye kwa ajili ya Usagara. Barghash akakubali. Mtu aliyekaa Forodhani siku ile asingeweza kujua kwamba jambo lililokuwa likimfika lilianzia Cairo.

Kikafuata kile ambacho naona ndicho kidonda kirefu kuliko vyote kwa jirani: makubaliano yanayoandikwa yeye hayupo. Tume ya kupima mipaka ya Sultani ilikuwa na Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa. Mwingereza mwenyewe alikuwa Kitchener, yuleyule aliyekuja kuiteka Sudan. Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani wakakubaliana kumwachia Barghash visiwa, ukanda wa mwambao wenye kina cha maili kumi, na miji michache ya kaskazini. Disemba naye akaitwa kukubali. Mwaka 1888 Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Sadani waliinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani, na kuanzia Disemba manowari za Ujerumani na Uingereza zikaufunga mwambao pamoja, kwa jina la kuzuia silaha na watumwa. Mji wa Unguja, uliokuwa ukiishi kwa misafara ya bara, ukajikuta umetengwa na bara yake.

Tarehe 1 Julai 1890 yakaja makubaliano ya Heligoland. Wengi husema Zanzibar ilibadilishwa na kisiwa cha Heligoland. Lakini Ujerumani haikuwa na Zanzibar ya kubadilisha. Ilichotoa ni ahadi ya kutoipinga Uingereza hapa, nayo ikapewa Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika kilomita mbili za mraba. Ukanda wa mwambao wa upande wa Kijerumani Sultani aliuza kwa marka milioni nne. Mwisho wa hesabu, Unguja na Pemba zikawa chini ya himaya ya Uingereza. Aliyetishia kwa mizinga alichukua bara. Rafiki ndiye aliyechukua kilichobaki.

Ushindani ule uliendelea kutufika kwa njia za ajabu. Agosti 1896, Waingereza walipolipiga kasri kwa mizinga kwa muda usiozidi saa moja, Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani bila ridhaa yao, alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, akasafirishwa hadi Dar es Salaam. Hata hifadhi ya mkimbizi ilikuwa sehemu ya mchezo wao. Na alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 meli ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa ikitengenezwa hapo bandarini. Makaburi ya mabaharia wake yapo Chapwani hadi leo, dakika chache kwa boti kutoka Mji Mkongwe.

Je, jirani mdogo hana la kufanya? Analo, ingawa si bure. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, ambayo ilikuja kujenga nyumba za Kikwajuni na Kilimani. Ujerumani Magharibi ilikuwa na msimamo kwamba anayeitambua ndugu yake hapati urafiki wake. Muungano ulipokuja, ugomvi ukahamia Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya kati: Ujerumani Mashariki isiwe na ubalozi kamili, iwe na ubalozi mdogo tu. Mwaka 1965 Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ikaondoa msaada wake wa kijeshi kwa adhabu. Nyerere akajibu kwa kuikataa misaada yao mingine iliyobaki. Tanzania ilipata hasara ya fedha, na ikabaki na uamuzi wake. Zia mwaka 1980 alipandisha bei. Nyerere alikataa kuuza. Naona tofauti hiyo ndiyo ya kutazamwa tunapowahukumu viongozi wa nchi jirani na vita, kabla ya kuhesabu misaada waliyoleta.

Leo vita za mbali zinatufika kwa kasi zaidi. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, mamia ya watalii wa Ukraine walikwama kwenye hoteli zetu bila kujua watarudi wapi.

Na ukitaka kuutazama ushindani ukiwa bado haujawa vita, itazame Gwadar, katika pwani ya Balochistan, jimbo la Pakistan. Mji ule ulikuwa chini ya masultani wa Muscat, ukoo uleule wa Al Busaid uliotawala hapa, hadi ulipouzwa kwa Pakistan mwaka 1958. Sasa China inaijenga bandari ya mji huo kama mwisho wa njia inayotoka Xinjiang, magharibi ya China, hadi baharini, na India na Marekani wanaifuatilia kila hatua. Wachambuzi huandika kuhusu manowari na nyambizi zitakazotia nanga pale siku za usoni. Mwisho wa mwaka 2021 wakazi wa Gwadar, wengi wao wavuvi, waliandamana kwa wiki kadhaa. Walidai meli kubwa za nyavu ziondolewe katika maji yao, vizuizi vya ukaguzi barabarani vipunguzwe, na wapatiwe maji ya kunywa.