Majibu ya vipimo vya lukemia sugu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Karatasi ya FBP, kipimo cha kuhesabu chembe za damu, imeandikwa WBC (chembe nyeupe) 212.4, pembeni yake kuna herufi H, yaani iko juu, na kuanzia hapo nyumba nzima haina usingizi. Mgonjwa mwenyewe alikwenda kupima malaria tu, au alilalamika kwamba tumbo limejaa upande wa kushoto na akila kidogo anashiba. Ndivyo wengi wanavyogundulika kuwa na lukemia sugu ya mieloidi, saratani ya damu ambayo madaktari huiita CML. Ulaya wagonjwa wengi hugundulika wakikaribia miaka 60. Huku kwetu Afrika Mashariki wengi ni vijana na watu wa makamo, wenye watoto wa kusomesha. Kati ya siku ya karatasi hiyo na siku ya kuonana na daktari wa damu, kila jirani huwa na lake la kusema.

“Saratani ikiwa kwenye damu imeshasambaa, kwa hiyo ni hatua ya nne”

Hatua ya kwanza hadi ya nne ni hesabu ya saratani zenye uvimbe, kama ya matiti au ya shingo ya kizazi. CML huhesabiwa kwa awamu, na wengi hugundulika wakiwa bado katika awamu sugu, yaani ya mwanzo, ambayo dawa huidhibiti vizuri.

Kinachoonyesha awamu si ukubwa wa ile namba ya WBC. Ni asilimia ya blasti, chembe changa ambazo hazijakomaa. Tafuta mstari wake kwenye ripoti ya mtaalamu aliyeangalia damu kwa hadubini. Zikiwa chini ya 10 katika kila chembe nyeupe 100, kwa kawaida mgonjwa yuko awamu sugu. Zikifika 20, mambo ni mazito. Kwa hiyo mwenye chembe nyeupe 300,000 na blasti 2 anaweza kuwa na nafuu kubwa kuliko mwenye chembe 40,000 na blasti 25. Na usishtuke kuona karatasi moja imeandika 212.4 na nyingine 212,400: ya kwanza imehesabu kwa maelfu. Kawaida ya mtu mzima ni kama 4 hadi 11 kwa hesabu hiyo ya maelfu.

Wingi wenyewe nao usipuuzwe. Macho yakianza kuona ukungu, au uume ukisimama na kukataa kushuka, hiyo ni dharura. Mtu aende hospitali siku hiyohiyo.

“FBP imerudi sawa, nimepona”

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu humjia mtu akiwa na furaha.

Mgonjwa anaanza vidonge vya imatinib, dawa ya CML, kwa kawaida miligramu 400 kwa siku, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Baada ya wiki kadhaa chembe nyeupe zinashuka, bandama iliyovimba inanywea, suruali zinafungika tena. FBP haina H hata moja. Lakini FBP huhesabu chembe tu, haijui ipi imebeba ugonjwa. Mtu anaweza kuwa na FBP safi kabisa huku mabilioni ya chembe zenye ugonjwa zikiwa bado kwenye uboho, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu.

Ugonjwa wenyewe una alama yake. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wakifanya kazi Philadelphia, waliona kromosomu (uzi unaobeba jeni) fupi isiyo ya kawaida ndani ya chembe za wagonjwa hawa. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha chanzo chake: kipande cha kromosomu ya 9 na kipande cha ya 22 vimebadilishana nafasi. Hapo ndipo inapozaliwa jeni ya BCR-ABL, ambayo protini yake huuamuru uboho kuzalisha chembe bila kukoma. Imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huizuia protini hiyo. Kipimo kinachoeleza dawa imefika wapi ni cha BCR-ABL.

Namba zake husomwa hivi: miezi mitatu baada ya kuanza dawa iwe 10% au chini; miezi sita, 1% au chini; mwaka mmoja, 0.1% au chini. Asilimia hii haimaanishi kwamba sehemu hiyo ya damu yako ni saratani. Ni uwiano wa jeni hiyo na jeni nyingine ya kulinganishia, uliosawazishwa kwa kipimio cha kimataifa, na ndiyo maana karatasi inatakiwa iwe na herufi IS. Angalia pia kama alama ya % ipo. Maabara ikiandika uwiano mtupu wa 0.1 bila asilimia, hiyo ni 10%, na mtu anaweza kushangilia jibu ambalo bado halijafika lengo.

“BCR-ABL imepanda kutoka 0.02 hadi 0.04, dawa imeshindwa”

Imeongezeka mara mbili, ndiyo, ila kwa namba ndogo hivyo tofauti ya mara mbili huweza kutokana na kipimo chenyewe. Rudia, na ikiwezekana kwenye maabara ileile. Mashine ya GeneXpert, ambayo vituo vingi vinayo kwa ajili ya kifua kikuu, hupima BCR-ABL pia ikiwekewa katriji yake, kwa hiyo uliza kabla ya kupanga safari ndefu.

Linalotisha ni namba inayopanda kipimo baada ya kipimo, au iliyokuwa chini ya 0.1 ikavuka 1. Swali la kwanza hapo ni vidonge. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya Hammersmith, London, na kuchapishwa 2010 ulionyesha kwamba waliomeza asilimia 90 ya dozi zao au pungufu walikuwa na nafasi ndogo sana ya kufika 0.1%. Kwa mwezi wa siku 30, hizo ni siku tatu tu za kuruka. Swali la pili ni dawa nyingine: rifampisini ya kifua kikuu huishusha imatinib mwilini kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo kliniki ya TB na kliniki ya damu lazima zijuane. Baada ya hayo ndipo daktari hufikiria kupima mabadiliko ya jeni na kubadili dawa.

“Wakichukua uboho utapooza”

Sindano huingia kwenye mfupa wa nyonga, kwa nyuma, baada ya ganzi. Haigusi uti wa mgongo. Inauma kwa muda mfupi.

Mengine niyapitie haraka. Ugonjwa huu hauambukizi, na ile jeni hairithiwi na watoto. WBC ya laki mbili kwa kawaida si “infeksheni kwenye damu” ya kumezewa antibaiotiki wiki hadi wiki. Juisi ya rozela na biti haigusi chanzo cha himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, kushuka, maana chanzo ni uboho uliojaa chembe zisizotakiwa. Na ngozi ikianza kuwa nyeupe kidogo baada ya miezi ya dawa, watu husema “damu imekwisha”. Imatinib hupunguza rangi ya ngozi, hasa kwetu weusi. Angalia himoglobini, usiangalie uso.

“BCR-ABL imeandikwa haikuonekana, naacha dawa”

“Haikuonekana” maana yake ni kwamba kipimo hakikuona kitu hadi pale uwezo wake unapoishia. Kuacha dawa kunawezekana kwa baadhi ya watu: waliomeza kwa miaka, wakakaa kwenye 0.01% au chini kwa angalau miaka miwili, na wanaoweza kupimwa BCR-ABL karibu kila mwezi baada ya kuacha. Hata kwao, takribani nusu ugonjwa hurudi, wengi ndani ya miezi sita ya kwanza, na karibu wote hutulia tena dawa ikirudishwa mapema. Asiyepata kipimo hicho kila mwezi asiache.

Mwanamke anayetaka mtoto amwambie daktari kabla ya kushika mimba, kwani imatinib huweza kumdhuru mtoto, hasa miezi ya kwanza. Aende na majibu yake yote ya BCR-ABL, yakiwa na tarehe, maana daktari atapanga kwa kuyaangalia yote pamoja.